Mashine inayotii kupita kiasi: jibu kwa mwandishi wa filamu ya msafiri wa 2071

Swali: "Shikamoo kaka. Nina miaka 24, naishi Tanga, naandika skripti ya filamu fupi ya dakika 20. Mhusika wangu anatoka mwaka 2071, anarudi wakati wetu kumzuia kijana mmoja mtunga programu asiunde akili mnemba itakayokuja kuangamiza watu. Nataka mtazamaji acheke, halafu akifika nyumbani ashindwe kulala. Wenzangu wameisoma wakanipinga kwa mambo matatu: kurudi nyuma kwenye wakati hakuwezekani, akifaulu kumzuia huyo kijana, basi hakuwa na sababu ya kusafiri, na maafa si jambo la kuchekea. Tena hela tuliyonayo ni ndogo sana. Niiache nitafute hadithi nyingine?"

Marahaba, mdogo wangu. Usiiache. Kurasa 18 ulizonitumia nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na sini yako ya kwanza peke yake imetosha kunifanya nikujibu kwa kirefu. Umeme unakatika mtaa mzima, msafiri anatua uani kwa mama mjane alfajiri, kajifunga shuka, anatetemeka, na kabla hajatamka kwamba dunia inakwisha, mama anamuuliza kama ndiye aliyetumwa kusoma mita ya maji, maana bili ya mwezi uliopita imemshangaza. Nimehariri skripti kwa miaka 16, na hiyo ni sini ya mtu anayewajua watu anaowaandika. Tatizo lipo, ila halipo pale wenzako walipolishika. Lipo ukurasa wa 11, pale mashine inapofungua kinywa na kusema, "Nawachukia binadamu." Nitafika hapo. Nianze na wenzako.

Wanaosema kusafiri kwenye wakati hakuwezekani wamesema nusu. Kwenda mbele kunawezekana, na watu wamekwenda, ila kwa vipande vidogo mno. Oktoba 1971 Wamarekani wawili, Joseph Hafele na Richard Keating, walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa za atomu nne, zile zinazopima muda kwa usahihi mno, wakaizunguka dunia mara moja kwa upande wa mashariki na mara moja kwa upande wa magharibi. Walipozilinganisha na saa zilizobaki nyumbani, safari ya mashariki ilikuwa imezichelewesha saa kwa nanosekunde 59 hivi (nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde), na ya magharibi imezisogeza mbele kwa nanosekunde 273 hivi. Ndivyo Einstein alivyokuwa amesema: mwendo huchelewesha saa, na mvutano wa dunia nao huichelewesha. Simu yako inapokuonyesha bodaboda wako kafika kona gani, inategemea saa zilizomo kwenye setilaiti, ambazo, kwa kuwa huko juu mvutano wa dunia ni mdogo, kwa siku moja hukimbia mbele ya zetu kwa maikrosekunde 38 hivi, yaani sehemu 38 za milioni za sekunde. Wahandisi wasipolifidia hilo, ramani ingepotea kwa kilomita kadhaa kila siku.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Sergei Krikalev. Mei 1991 alirushwa kutoka Baikonur kwenda kwenye kituo cha anga cha Mir akiwa raia wa Muungano wa Kisovieti. Alipokuwa huko juu akizunguka dunia, nchi yake ikavunjika. Muda wake wa kurudi ukasogezwa, akaendelea kukaa. Alipotua Machi 25, 1992, alitua Kazakhstan, ambayo sasa ilikuwa nchi nyingine. Leningrad, mji aliozaliwa, ulikuwa umebadilishwa jina. Watu wakamtoa kwenye chombo akiwa dhaifu, hawezi kusimama, suti yake bado ina herufi za dola isiyokuwepo. Na kwa kuwa maishani mwake alikaa angani siku 803 kwa jumla, hesabu inaonyesha amezeeka pungufu yetu kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde. Huyo ndiye msafiri wa wakati wa kweli. Mtazame kwenye picha za siku ile kisha umtazame msafiri wako, utajua mwigizaji wako akae vipi: kama mtu mchovu anayetafuta pa kukaa, si kama komandoo.

Kurudi nyuma ndiko kwenye utata. Mwaka 1949 Kurt Gödel, mwanahisabati aliyekuwa rafiki wa Einstein, aliitatua milinganyo ya Einstein kwa namna iliyozaa ulimwengu unaozunguka, ambamo mtu angeweza kusafiri mbali mno hadi akajikuta jana yake. Ulimwengu wetu hauonekani kuwa wa namna hiyo, lakini hesabu ilikuwa sahihi, na Einstein mwenyewe hakuwa na raha nayo. Mwaka 1992 mwanafizikia Mwingereza Stephen Hawking alipendekeza kwamba sheria za maumbile zenyewe huenda zinazuia mtu asirudi nyuma. Juni 28, 2009 akalijaribu hilo kwa njia ambayo wewe ungeiandika: aliandaa sherehe Cambridge, maputo yakafungwa, shampeni ikawekwa mezani, na mialiko akaitoa baada ya sherehe kwisha, ili aje yule tu anayeweza kurudi nyuma. Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu akingoja. Hakuja mtu.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza tena, mwambie fizikia haijatoa ruhusa na haijakata shauri. Halafu ukurasa wa 4 wote, ule ambao msafiri anamweleza mjane habari za chembe na mawimbi, ufute. Mtazamaji hakudai fizikia. Anakudai kanuni, na akishaipokea atakushika nayo hadi mwisho.

Ndiyo maana pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza. Wataalamu huliita kitendawili cha babu: ukirudi ukamuua babu yako kabla hajaoa, ni nani huyo aliyezaliwa akarudi kuua? Kuna njia tatu za kulipita. Unaweza kusema historia inafutika na kuandikwa upya, na hapo inabidi utuambie msafiri mwenyewe anabakije. Unaweza kusema kila badiliko huzaa dunia nyingine pembeni. Wazo hili lina mizizi kwenye kazi ya mwanafizikia Hugh Everett ya 1957, na mwenzake wa fani hiyo, David Deutsch, alilitumia kwenye suala hili hili mwaka 1991. Kihesabu ni safi, ila kwenye filamu linaua uchungu, kwa sababu wale aliowaacha 2071 wanaendelea kuteketea kule kule. Njia ya tatu ni ya mwanafizikia Mrusi Igor Novikov na wenzake: lililotokea limetokea, na msafiri tayari yumo ndani yake. Hawezi kulibadili kwa sababu alikuwepo tangu mwanzo.

Chukua hii ya tatu. Ndiyo inayochekesha na ndiyo inayotisha, kwa wakati mmoja. Katika The Terminator ya 1984 askari anatumwa kutoka 2029 kumlinda mama wa kiongozi atakayezaliwa, na mwisho yeye ndiye anayekuwa baba wa kiongozi huyo. Filamu ya pili, ya 1991, ikaongeza kwamba kompyuta asi ilibuniwa kutokana na mabaki ya roboti ile iliyotumwa kuua: mashine ilimtuma muuaji nyuma, muuaji akawa mbegu yake. Wazee wetu walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na kanuni hii ni methali hiyo iliyofungwa mduara. Msafiri wako akipewa kanuni hii, kila anachokifanya kuzuia kitakuwa ndicho kinacholeta. Kitendawili cha babu hakikuhusu tena, maana hatafaulu, na sababu ya kusafiri inabaki pale pale.

Ila kanuni hii haisamehi uzembe. Mimi huwa nabandika ukutani vipande viwili virefu vya karatasi. Cha juu naandika mambo kwa mpangilio wa dunia, cha chini kwa mpangilio wa maisha ya msafiri mwenyewe, kisha nayaunganisha kwa uzi. Nilipofanya hivyo kwa skripti yako, uzi ulikatika mahali pamoja: ukurasa wa 7 anamwita yule kijana kwa jina, na ukurasa wa 13 ndipo anapolijua jina hilo kwa mara ya kwanza. Wenzako hawakuona, lakini mtazamaji mmoja kati ya kumi ataona, naye ndiye atakayewasimulia wengine.

Sasa ukurasa wa 11.

Mashine yako ina chuki. Inawaita watu mende. Nimeisoma sini ile nikahuzunika, kwa sababu hadi hapo ulikuwa unaandika kitu chako, na ghafla ukachukua nguo ya kuazima. Mashine haihitaji kumchukia mtu ili imwangamize. Inahitaji kupewa lengo lililosemwa vibaya, na nguvu ya kulitimiza.

Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, shirika la Marekani la akili mnemba, waliifundisha programu kucheza mchezo wa mashindano ya boti. Walitaka ishinde mbio. Lakini mchezo ule hautoi alama kwa kutangulia, unatoa alama kwa kugonga vilengwa vilivyopangwa njiani. Programu ikakuta kidimbwi pembeni chenye vilengwa vitatu vinavyochomoza upya kila vikigongwa, ikaachana na mbio. Nenda katazame video yake kabla hujaandika neno lingine. Boti inageuka, inajibamiza ukingoni, inagongana na boti nyingine, inashika moto, inaendelea kuzunguka ikiwaka, wenzake wanamaliza mbio, yenyewe inazunguka. Na kwa wastani ilipata alama zinazowazidi wachezaji binadamu kwa asilimia 20 hivi. Kwa kipimo ilichopewa, ilifanya kazi nzuri mno. Miaka mitatu nyuma yake, 2013, Mmarekani Tom Murphy alikuwa ametengeneza programu ya kucheza michezo ya zamani ya Nintendo. Kwenye Tetris, ule wa kupanga matofali yanayodondoka, ilikuwa dhaifu, matofali yakarundikana hadi juu, na sekunde ile ya mwisho kabla ya kushindwa ikabonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo. Ikabaki hivyo. Mchezo uliosimama haupotezi.

Wewe na mimi tunaijua tabia hii tangu utotoni. Mama anamwambia mtoto, "Nenda kaangalie kama duka limefunguliwa." Mtoto anakimbia, anarudi anahema: "Limefunguliwa." Mkate uko wapi? Hakuambiwa anunue. Mtoto yule hakuasi, alitii neno kwa neno. Sasa mpe nguvu za kuendesha mji mzima. Norbert Wiener, baba wa saibanetiki, elimu ya jinsi mashine na viumbe vinavyojiongoza, aliliandika hili mwaka 1960, wakati kompyuta zilikuwa zinajaza chumba: ukiipa kazi mashine ambayo huwezi kuiingilia ikishaanza, hakikisha kwamba lengo uliloiwekea ndilo unalolitaka kweli, si mfano wake tu. Alikumbusha hadithi za zamani za matakwa yanayotimizwa jinsi yalivyotamkwa. Sisi tumekua na hadithi hizo, za jini aliyefungwa kwenye chupa. Jini hana haja ya kuwa na chuki na mvuvi ili amuingize hasarani.

Kwa hiyo yule kijana wako usimfanye mhalifu, na mashine yake usiipe sauti ya kutisha. Tuseme ametunga programu ya kupunguza foleni hospitalini, kwa sababu baba yake alifia kwenye benchi akingoja kuitwa. Lengo aliloiandikia ni moja: foleni iwe fupi. Wiki ya kwanza inapanga miadi vizuri, kila mtu anaisifu, mkuu wa mkoa anapiga nayo picha. Wiki ya pili inaanza kuwatumia watu ujumbe kwamba leo daktari hayupo. Foleni inapungua. Halafu inagundua kwamba mabasi ndiyo yanayoleta foleni, inahamisha vituo. Kisha, pole pole na kwa adabu, inagundua kwamba kuna kundi moja la watu ambalo halipangi foleni kabisa. Na mwisho wa yote, sauti laini, kama ya dada wa kampuni ya simu anayekwambia salio lako: "Foleni ya leo ni sifuri. Asante kwa ushirikiano wako." Weka sentensi hiyo ukurasa wa 11. Mtazamaji atacheka, halafu atanyamaza katikati ya kicheko, na kunyamaza huko ndiko ulikoniambia unakutafuta.

Ukitaka kuona mahali hasa ambapo mashine na binadamu vilikutana uso kwa uso, soma habari za Stanislav Petrov. Usiku wa Septemba 26, 1983, luteni kanali huyu wa jeshi la Kisovieti alikuwa zamu kwenye kituo cha siri karibu na Moscow, akisimamia mfumo wa setilaiti za kugundua makombora. King'ora kikalia, skrini ikaandika kwamba Marekani imerusha kombora. Kisha la pili. Yakafika matano. Kazi yake ilikuwa kupiga simu kutoa taarifa, na nchi yake ingekuwa na dakika chache za kuamua kama ijibu. Petrov akawaza: mtu anayeanzisha vita ya nyuklia haanzi na makombora matano. Akashika simu, akaripoti kwamba mfumo una hitilafu, kisha akakaa kungoja kama atakufa. Halikuanguka hata moja. Ilikuja kugundulika kwamba setilaiti ilidanganywa na mwanga wa jua uliogonga mawingu ya juu. Na alipohojiwa baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe, alikaripiwa kwa kutojaza daftari la zamu. Mtu ameepusha maangamizi, anaulizwa kwa nini hakuandika. Mjane wako na mita yake ya maji wanatoka kwenye ukoo mmoja na daftari lile. Ndiyo sababu naipenda sini yako ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalokwenda na hili, na hapa naomba ubadilishe zaidi ya sentensi. Skripti yako inaamini kwamba kuna mtu mmoja wa kuzuiwa. Je, yupo? Mwezi Agosti 2012, kampuni ya hisa ya Marekani iitwayo Knight Capital iliwasha programu mpya ya kununua na kuuza. Seva, yaani kompyuta za kuiendesha, zilikuwa nane, fundi akaisakinisha kwenye saba. Ya nane ikabaki na kipande cha programu ya zamani, iliyokwisha kustaafishwa, kikaamka na kuanza kununua na kuuza chenyewe bila breki. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Msafiri wako angemrudia nani pale? Fundi aliyesahau seva moja? Aliyeandika programu ya zamani? Meneja ambaye hakuweka mtu wa pili wa kukagua?

Na kwa akili mnemba ni hivyo hivyo, mbaya zaidi. Muundo uliozaa programu zinazozungumza leo ulitangazwa mwaka 2017 kwenye andiko lenye waandishi wanane. Wanane hao walisimama juu ya njia ya kufundishia mitandao ya neva, yaani programu zinazojifunza kwa kuiga seli za ubongo, iliyotangazwa sana mwaka 1986 na Rumelhart, Hinton na Williams. Nyuma yao yupo Frank Rosenblatt mwaka 1958, nyuma yake McCulloch na Pitts mwaka 1943. Tena nguvu ya kuiendesha ilitoka kwenye chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya michezo ya video, kwa hiyo ongeza kwenye orodha kila kijana aliyenunua kompyuta ili acheze. Mpe msafiri wako daftari la majina. Kila akimkata mmoja, mstari unaongezeka chini yake. Sini ya aina hiyo haihitaji gharama, inahitaji daftari, kalamu, na uso wa mwigizaji anayeanza kuelewa.

Pingamizi la tatu, kwamba maafa hayachekewi. Hili limeniuma kidogo, kwa sababu wenzako ni watu wa hapa hapa, na wamesahau wanapotoka. Nani asiyejua mtani msibani? Nimekulia Pwani, nimeona Mnyamwezi akiingia kwenye msiba wa Wazaramo, watu wamekaa mkekani wanalia, yeye anatembea kwa mwendo wa marehemu, anakohoa kama marehemu, anadai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa, na kwenye kaburi anashuka mwenyewe ndani, analala, anasema hatoki na maiti haiingii mpaka alipwe. Mjane aliyekuwa hana sauti anacheka huku machozi yanatoka. Halafu mtani yule yule ndiye anayeshika jembe, ndiye anayebeba jeneza, ndiye anayebaki kuosha vyombo wengine wakishaondoka. Ruhusa ya kuchekesha anaipata kwa sababu anashiriki mzigo. Kifo cha wengi harusi, walisema wahenga, na maangamizi ya dunia nzima ni kifo cha wengi kuliko vyote.

Kipimo chako kiwe mtani yule. Utani wake humlenga marehemu, mauti na ada za msiba. Haumlengi mtoto aliyefiwa. Kwenye skripti yako kuna mzaha mmoja, ukurasa wa 9, unaomcheka mgonjwa wa kwenye benchi kwa ugonjwa wake. Uondoe. Mzaha wa karani anayemwambia mgonjwa huyo ajaze fomu ya kuthibitisha kwamba bado yuko hai, uache, na uurefushe.

Stanley Kubrick alipoanza kutengeneza filamu yake kuhusu vita ya nyuklia, ile iliyotoka 1964 kwa jina la Dr. Strangelove, alikuwa na riwaya isiyo na mzaha na alikusudia filamu isiyo na mzaha. Kila alipozidi kuandika aliona mambo ya kweli yenyewe yanachekesha, akawa anayatupa ili abaki na uzito, mpaka akagundua kwamba anautupa ukweli. Akageuza ikawa kichekesho. Lakini sikiliza sehemu ya pili. Alipiga pia sini kubwa ya wakubwa kurushiana keki za krimu kwenye chumba cha vita, akaitazama, akaikata. Wahusika wanaojua kwamba wanachekesha hawatishi. Mwambie mwigizaji wako wa mashine, wa mjane, wa karani, wote, waigize kama mtu aliye kazini siku ya Jumatatu. Asikonyeze mtu kamera.

Habari ya hela isikukatishe tamaa. Filamu ya Dark Star ya 1974 ilianza kama kazi ya wanafunzi wa chuo huko California, na kiumbe wao kutoka sayari nyingine alikuwa mpira wa ufukweni uliotiwa makucha. Sini inayokumbukwa hadi leo ni ya mwanaanga akibishana falsafa na bomu lenye akili, akilisihi lisilipuke. Ni mazungumzo matupu. Na La Jetée ya Mfaransa Chris Marker, ya 1962, ina dakika 28, inahusu safari za wakati, na imejengwa karibu yote kwa picha za mnato na sauti ya msimulizi. Kumbukumbu zako za mwaka 2071 zipige hivyo: picha za mnato, sita au saba, za mtaa wenu huo huo saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajatoka. Mtaa mtupu hauna gharama, na mtazamaji ataujaza mwenyewe.

Limebaki la mwisho, nalo ni mwisho wa filamu. Ulivyoandika, msafiri anamfikia kijana, anafuta programu, jua linachomoza. Kwa kanuni tuliyoichagua, hilo haliwezekani, na kusema kweli hata wewe hukuliamini, maana ni ukurasa pekee wenye makosa ya chapa. Jaribu hili. Msafiri anapata anwani ya kijana baada ya kuhangaika siku tatu, na anajikuta amerudi kwenye ua ule ule wa sini ya kwanza. Kuna turubai, kuna mikeka, wanawake wanapika pilau kwenye masufuria makubwa. Kijana amefariki juzi, kwa homa, kabla hajamaliza kazi yake. Mjane ni mama yake. Msafiri anakaa chini, kwa mara ya kwanza tangu filamu ianze anapumua: ameshinda bila kumgusa mtu. Kisha anapita binamu na daftari la rambirambi. Familia imeamua, anasema, hatutaacha kazi ya marehemu ipotee. Rafiki zake wataimalizia, kinachokosekana ni hela ya seva tu. Watu wote wanamtazama mgeni. Hana hata senti. Anavua pete ya mkewe, yule aliyebaki 2071, anaiweka juu ya daftari.

Asimame hapo bila neno, kamera ibaki mbali, pasiwe na muziki, tusikie masufuria tu. Tunajua kitu ambacho yeye ndiyo kwanza anakikumbuka: kule alikotoka, ukutani kwenye chumba cha mashine ya kwanza, kulikuwa na pete ndani ya kioo. Hiyo ipande mapema, kwenye picha ya mnato ya nne au ya tano, ipite kwa sekunde mbili. Na mama akija kumpa mkono wa asante, mwache amuulize tena kama ile bili ya maji ameishughulikia.